Masasi ya Fizi hayatoki kwa fundi wa kijijini

Juma hili, kwenye kituo cha pikipiki hapa Baraka, kijana mmoja alinionyesha video katika simu yake. Mzungu ameketi mezani, ana maganda ya risasi yaliyokwisha kutumika na mashine ndogo ya mkono. Anaingiza ganda ndani ya kalibu, anavuta mkono wa mashine, ganda linarudia umbo lake. Kijana akaniambia: « Kaka mwandishi, ndiyo sababu masasi hayaishi kwetu. Mafundi wa vijijini wanajaza upya. » Watu wote pale wakakubali.

Mimi sikukubali, na leo nasema kwa nini. Maneno hayo yanamtupia mzigo mtu mdogo na kumficha mkubwa.

Kwanza tuelewe kifaa chenyewe. Kalibu ni kipande cha chuma kigumu chenye tundu la umbo la risasi. Ganda likipigwa, linavimba. Kalibu inalibana lirudi kipimo chake, na sindano iliyo katikati inasukuma nje fataki iliyokwisha kuwaka. Wawindaji na walenga shabaha wa Marekani na Ulaya wanabishana juu ya kalibu za zamani na za sasa. Za zamani nyingi zinabana ganda kwa kipimo kimoja tu. Za sasa, baadhi yake zinamruhusu mtu kubadilisha kipete cha shingoni, au kupima kwa makini sana kichwa kinaingia kina gani. Mabishano yao ni ya kupata shabaha nzuri zaidi kwa risasi chache za mchezo.

Sasa tuje Fizi. Bunduki inayotutoa vijijini ni Kalashnikov. Maganda yake mengi, hasa yaliyotengenezwa Urusi na China, ni ya chuma, si ya shaba, na chini ya fataki yana vitundu viwili vya pembeni. Hakuna tundu la katikati. Sindano ya kalibu, iwe ya zamani au ya sasa, inagonga ukuta na kuvunjika. Tena fataki mpya, baruti na vichwa vitatoka wapi? Na nani, baada ya mapigano, atapita majanini kuokota maganda mia tano ili ajaze moja moja kwa mkono? Vita havilishwi hivyo, jamani.

Najua kuna mtu atanijibu: lakini mafundi wa gobori wako, na katushi za kuwinda zinajazwa. Ni kweli. Hizo pia zinaua, na sheria ifuate mkondo wake. Lakini gobori ya mwindaji si bunduki iliyojaza kambi za wakimbizi wa ndani. Mwaka 1965, Che Guevara na wenzake walipovuka ziwa kutoka Kigoma kuja huku kwetu, silaha za waasi zilipita njia hiyo hiyo ya maji. Hakuna mhunzi wa Fizi aliyezifua. Zilitoka viwandani, ndani ya masanduku, kama zinavyotoka leo.

Umoja wa Mataifa uliweka vikwazo vya silaha kwa vikundi vya Kivu na Ituri mwaka 2003, na mwaka uliofuata ukaunda kundi la wataalamu wa kuvifuatilia. Ripoti zao zimesema tena na tena kwamba sehemu ya silaha na masasi ya vikundi inatoka katika ghala za jeshi letu wenyewe: yameporwa vitani au yameuzwa. Nyingine zinavuka mipaka. Hapo ndipo pa kuuliza maswali.

Kitako cha ganda mara nyingi kina chapa ya kiwanda na mwaka. Lakini kiwanda kimoja kinauzia majeshi mengi. Bila nambari ya shehena iliyoandikwa kwenye daftari la ghala, hatuwezi kujua sanduku lilipotelea mikononi mwa nani. Mkataba wa Kinshasa, ulioanza kutumika mwaka 2017, unahusu silaha ndogo, masasi yake na vipuri vyake. Mkataba una jina la mji mkuu wetu! Basi wabunge wetu waulize waziwazi: masasi yaliyoletwa Fizi yamehesabiwa na nani, na yaliyobaki yako wapi?

Nasi wananchi tuna kazi yetu. Mwezi uliopita niliwakuta watoto wa familia iliyohamishwa na vita wakiwa na kopo la maganda, wanatafuta mnunuzi wa vyuma. Nilipochungulia, mawili yalikuwa bado mazima, na kichwa chake na fataki yake. Yana kutu, lakini kutu si dawa. Risasi ya zamani ikitiwa motoni au kugongwa kwa jiwe inaweza kumtoa mtoto jicho.

Mama, baba, kagueni makopo ya watoto. Mkikuta risasi nzima, msiiguse. Mwambieni chefu wa kitongoji. Na ninyi mnunuao vyuma, mtoto akija na maganda, msimlipe, maana kesho atarudi porini kutafuta mengine.

Yule kijana wa pikipiki aliniuliza: basi tumlaumu nani? Nikamjibu: anayeshika ufunguo wa ghala. Fundi wa kijijini hana ghala.