Kusoma na kuandika si kazi ya mwalimu wa lugha peke yake

Mtoto wa Kaloleni, katikati ya Jiji la Arusha, anauona Mlima Meru kila siku isiyo na mawingu. Anajua ni mlima wa volkeno. Alifundishwa hivyo shule ya msingi, kwa Kiswahili, na akafaulu.

Akifika Kidato cha Kwanza, swali lilelile linakuja kwa Kiingereza na linataka aya nzima. Hapo anakwama. Mlima anaujua, maandishi ndiyo yanamshinda. Mwisho wa siku anaitwa mzito.

Shida inaanzia wapi?

Tangu 2015, Darasa la Kwanza na la Pili yamejikita kwenye KKK: Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Kuanzia Darasa la Tatu, masomo yanashika nafasi na wengi wanaona kazi ya kusoma imekwisha.

Haijaisha. Kusoma hadithi ni tofauti na kusoma jedwali la Sayansi au swali la maneno la Hisabati. Tena sehemu kubwa ya mtihani wa Darasa la Saba ni kuchagua jibu na kusiliba herufi. Mtoto anaweza kufaulu bila kuandika aya yake mwenyewe.

Dawa inajulikana

Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), Chuo Kikuu cha Dodoma, Aga Khan na Bristol cha Uingereza waliwahi kuandaa vitabu vya majaribio vya Kidato cha Kwanza, kikiwemo cha Baiolojia. Kiingereza chake ni chepesi, maneno magumu yana maana kwa Kiswahili, na kuna mazoezi ya kuongea, kusoma na kuandika.

Darasani ni hivi: mwalimu wa Jiografia anaandika ubaoni maneno matano, mfano kasoko na lava, kwa lugha zote mbili. Wanafunzi wanajadili kwa Kiswahili Meru ulivyolipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Wanasoma aya wawili wawili, halafu kila mmoja anaandika sentensi tatu kwa Kiingereza. Somo linabaki Jiografia.

Mbona haifanyiki?

Madarasa yamejaa, hasa tangu elimu bila ada ianze 2016. Kusahihisha sentensi za wanafunzi 80 si mchezo, na mada lazima ziishe. Njia rahisi ni kunakili notsi ubaoni. Daftari linajaa, ila kunakili si kuandika.

Saa inakimbia

Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unaleta Kiingereza tangu Darasa la Kwanza na kupunguza elimu ya msingi kuwa miaka sita. Waliokuwa Darasa la Tatu mwaka huo watamaliza la Sita 2027, sambamba na wanaomaliza la Saba kwa mfumo wa zamani. Makundi yote mawili yataingia Kidato cha Kwanza 2028.

Kama kila mwalimu atasubiri wa Kiingereza amalize kazi, mzigo huo utawaangukia watoto.

Mzazi anaweza kuanza leo. Fungua daftari la Sayansi au Jiografia, tafuta sentensi moja ambayo mtoto ameitunga mwenyewe. Usipoiona, kamuulize mwalimu.