Unga wa presha umelinganishwa na nini?

Mwezi huu siandiki juu ya ugonjwa, bali juu ya swali ambalo naona hatuliulizi.

Siku hizi baada ya Misa hakosekani mtu nje ya kanisa mwenye chupa za unga wa kushusha presha. Ushahidi wake ni kwamba watu kumi waliutumia na presha ya wote ikashuka. Akina mama wanaacha vidonge vya zahanati na kununua. Mimi nasema ushahidi huo hautoshi.

Presha haikai mahali pamoja. Leo ile ya juu ni 165, kesho ni 150, nawe hujameza kitu. Tena mtu hutafuta dawa siku presha imepanda sana. Akipimwa baada ya wiki, mara nyingi imeshuka yenyewe.

Njia ya haki ni kuwagawa wagonjwa kwa kura, wote wakiendelea na vidonge vyao. Kundi moja lipewe unga huo, jingine unga unaofanana nao usio na dawa, kisha utafutwe wastani wa kila kundi. Tuseme la kwanza lina wastani wa 150, la pili 156. Je, tofauti hiyo ya 6 imeletwa na dawa au na kura? Mtaalamu huanza kwa kudhani kwamba unga haufanyi kitu, ndipo apige hesabu: kura peke yake ingeleta tofauti kubwa namna hii mara ngapi? Ikiwa ni chini ya mara 5 katika 100, huikataa dhana hiyo. (Mpaka huo wa 5 ni mazoea tu, haukushuka mlimani Sinai.) Kwa makundi ya watu kumi kumi, 6 si kitu, kwa mia mbili mbili, ni jambo la kusikilizwa. Hesabu ya makundi madogo tuliachiwa na William Gosset, mtumishi wa kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, aliyeitoa mwaka 1908 kwa jina la "Student".

Mtaniambia kwamba hata madaktari huamini bila kupima. Ni kweli. Watoto mahututi wenye homa na mzunguko mbaya wa damu walizoea kutundikiwa maji mengi kwa haraka. Utafiti wa FEAST katika Kenya, Uganda na Tanzania, uliotangazwa mwaka 2011, uliwagawa kwa kura watoto zaidi ya 3,000. Ndani ya saa 48 walifariki karibu 11 katika kila 100 waliopewa maji hayo ya haraka, na 7 katika 100 wasiopewa. Hapo vililinganishwa vifo, si wastani, lakini swali ni lile lile.

Basi ukikutana na mwenye chupa, muulize kundi lake la pili liko wapi. Vidonge vyako endelea navyo. Ukitaka kuviacha, mwone kwanza mganga wa zahanati.