Mgonjwa Ametulizwa, Nani Anamtazama?

Tangu mwishoni mwa 2001, daktari wa meno nchini Uingereza haruhusiwi kumtia mgonjwa nusukaputi nje ya hospitali. Kabla ya hapo watoto walilazwa usingizi kabisa kwenye kiti cha kliniki ya mtaani ili wang'olewe meno, na kuna waliokufa pale pale. Kliniki zikabakiwa na dawa za kutuliza: mgonjwa analegea, hofu inashuka, lakini akiitwa anaitika.

Kuna wanaoona kwamba kumtuliza mtu mzima kwa ajili ya jino ni kumdekeza. Sikubaliani nao. Katika utafiti mkubwa wa afya ya kinywa uliofanywa England, Wales na Ireland ya Kaskazini mwaka 2009, asilimia 12 ya watu wazima walikuwa na hofu kali ya daktari wa meno. Mwenye hofu hiyo hukimbia kiti mpaka shavu livimbe, na jino ambalo lingezibwa huishia kung'olewa.

Dawa zenyewe hazilingani. Gesi ya naitrasi oksaidi, ile ambayo Horace Wells wa Hartford, Marekani, aliivuta mwaka 1844 akang'olewa jino lake mwenyewe, leo huchanganywa na oksijeni na kuvutwa kwa pua. Ikifungwa, inatoka mwilini kwa dakika chache. Midazolamu hupitia mshipani, hufuta hata kumbukumbu ya matibabu, na mgonjwa haendeshi gari siku hiyo. Anahitaji mtu wa kumrudisha nyumbani. Ikizidi, pumzi hufifia. Kuna dawa ya kuizima, flumazenili, ila haina faida kama hakuna aliyegundua kwamba pumzi zimefifia. Na gesi na midazolamu, zote mbili, haziondoi haja ya sindano ya ganzi.

Kwangu mimi, mzozo wote uko hapo kwenye kugundua. Daktari aliyeinamia gego la nyuma, drili ikivuma, hawezi wakati huo huo kuhesabu pumzi za mgonjwa. Mwaka 2019 vyama vya Marekani vya madaktari wa watoto na madaktari wa meno ya watoto vilitaka mtoto anayelazwa usingizi mzito awe na angalau watu wawili waliofunzwa, mmoja wao asiwe na kazi nyingine ila kumwangalia. Vilichelewa, lakini vilisema kweli. Ningetaka kanuni hiyo imlinde pia mtu mzima anayechomwa midazolamu.

Mtu wa pili analipwa, na gharama humwangukia mgonjwa. Kwetu Afrika Mashariki, ambako wengi hushindwa hata bei ya kuziba jino, hoja hiyo ni nzito. Lakini si kila mwoga anahitaji dawa. Katika kliniki moja ya London, chini ya King's College, wagonjwa wenye hofu walipewa vikao vya ushauri wa kisaikolojia, na takriban wanne kati ya watano wakatibiwa bila kutulizwa. Dawa ingebaki kwa wachache, na hao wachache wangestahili ulinzi kamili.

Kwa hiyo ukiambiwa utatulizwa, au mwanao atatulizwa, uliza kabla ya kusaini: wakati daktari anashughulika na jino, nani atakuwa akiangalia pumzi, na amefunzwa? Kama jibu ni daktari huyo huyo peke yake, usikalie kile kiti.