Mwenye Gramu Mia Naye Anastahili Daktari

Ndugu zangu mnaolea watoto Birmingham, Oslo, Minneapolis na kwingineko ughaibuni, wito huu ni wenu kwanza, maana huko ndiko hamsta alikoingia majumbani mwetu. Wengine wamemnunua kwa zawadi ya siku ya kuzaliwa. Wengine wamefikiwa na zamu ya kumtunza hamsta wa darasa mwisho wa wiki. Mtoto anampenda. Sisi wakubwa, tuliokulia kwenye nyumba ambamo kiumbe wa namna hiyo alitegewa mtego, tunamwona panya tu. Basi mtoto akisema, "Mama, ana kidude hapa," jibu tunalo mdomoni: mwache, kitaisha chenyewe.

Naomba jibu hilo tuliache. Hamsta wa Syria, yule mkubwa wa rangi ya dhahabu, huishi miaka miwili hadi mitatu. Ukingoja mwezi mmoja, umemlia sehemu isiyo ndogo ya maisha yake. Na uvimbe si ajabu kwao wanapozeeka: wa Syria huandamwa na saratani ya limfu, wale wadogo wa Urusi hupata uvimbe wa matiti na wa ngozi.

Hata hivyo, si kila kinachotokeza ni ugonjwa. Hamsta wa Syria ana doa jeusi kila upande wa kiuno. Hiyo ni tezi ya harufu, na kwa dume huonekana wazi zaidi. Wadogo wa Urusi wana tezi moja katikati ya tumbo. Mashavu nayo ni mifuko inayorudi nyuma hadi mabegani, na akishaijaza mbegu utadhani umeletewa mnyama mwingine. Ila kama kesho yake shavu bado limevimba, huenda chakula kimekwama au kuna jipu. Na dume, hasa siku za joto, huwa na korodani kubwa kupita adabu. Ni maumbile, usimpeleke kliniki kwa hilo.

Cha kukushtua ni uvimbe wa upande mmoja unaokua wiki hadi wiki, au uliochubuka na kutoa damu au usaha. Ngozi inayonyonyoka manyoya na kuota magamba. Tumbo linalojaa huku uti wa mgongo ukihesabika. Ndiyo maana naomba kila nyumba imkague hamsta wake mara moja kwa wiki, jioni akishaamka mwenyewe, kwa kuwa akikurupushwa huuma. Mtoto ampapase polepole: kidevu, kwapa, tumbo, mapaja, chini ya mkia. Mkubwa aandike, na akiona kitu akipige picha pembeni ya sarafu ili ukubwa ujulikane. Kisha mizani ya jikoni. Hamsta wa gramu 120 akipungua gramu 12, ni kama mtu wa kilo 70 aliyepungua kilo saba. Na kumbuka uvimbe wenyewe una uzito: mizani yaweza kusimama palepale ilhali mnyama anakonda.

Sasa jambo ambalo ningelipigia kelele kama ningeweza. Tuna desturi ya kuhifadhi vidonge vilivyobaki na kugawiana. Kwa hamsta usithubutu. Amoksilini, penisilini na klindamisini, akilishwa, huua bakteria wema wa utumbo wake. Wabaya hustawi, sumu yao humharisha, na anaweza kufa. Wanasayansi wanalijua hili vizuri: mwaka 1977 hamsta waliopewa klindamisini ndio waliosaidia kumtambua bakteria anayeleta ugonjwa wa utumbo kwa binadamu baada ya dawa za aina hiyo. Jipu pia usilitumbue, wala usilikande kwa maji ya moto.

Piga simu kwanza uulize kama kliniki inatibu hamsta, kwani si madaktari wote waliowazoea. Ulizia na gharama mapema; si aibu. Uingereza lipo shirika la PDSA, lililoanzishwa mwaka 1917, linalosaidia wenye kipato kidogo kutibu wanyama wao. Daktari anaweza kuchoma sindano nyembamba ajue kilichomo, au kuukata uvimbe kwa nusu kaputi. Kwa mzee wa miaka miwili na nusu huenda akashauri dawa ya maumivu tu, au sindano ya mwisho. Kuikubali si ukatili. Mtoto naye aambiwe kweli kwamba hamsta atakufa. Ukimwambia "amelazwa," utamtia hofu ya kitanda chake.

Walimu wenye hamsta wa darasa, wekeni daftari la uzito liende naye kila nyumba. Na nyinyi wasimamizi wa vikundi vya WhatsApp vya jumuiya, mnaoratibu michango ya harusi na matanga bila kuchoka, ulizeni leo nani anamjua daktari mzuri wa wanyama wadogo mjini kwenu, mlibandike jina lake juu ya kikundi.