Kifungo cha Kurekodi Si Siri ya Mtu

Wasee, kuna dhana imeshika hii kazi yetu ya video na mimi naikataa: ati bila rimoti ya dukani wewe bado ni mchezo. Rimoti ya kamera unaweza kujitengenezea mezani kwako wikendi moja, na ukimaliza utaijua kamera yako kuliko jamaa aliyenunua ya bei.

Chukua hizi kamkoda za zamani za Sony na Canon ambazo watu wanauza mitumba sai kwa sababu kila mtu amehamia simu. Nyingi zina katundu kameandikwa LANC, ka milimita 2.5. Wengi hudhani ni ka earphone, lakini earphone za kawaida ni 3.5, haziingii. Hapo ndipo kamera huongea. Kwa kila nusu-fremu (field) ya video inafungua nafasi ya baiti 8, kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, na 2 za kwanza ni zako kujaza. Weka 18 na 33 kwa hesabu ya heksadesimali, rudia mara kama 5 mfululizo, inaanza kurekodi. Tuma tena, inasimama. Zumu nayo inaanza na 28, halafu namba ya pili inachagua kasi. Ziko kasi 8, kwa hivyo unaweza kusogea polepole kama filamu, kitu ambacho kidole hakiwezi.

Vitu unavyohitaji: Arduino Nano, transista moja, rezista kadhaa, vifungo na waya. Zunguka Luthuli, utavipata. Lakini sikiza hapa vizuri: sehemu moja ya ile pini hubeba umeme wa volti 5 hadi 8 kutoka kwa kamera. Nyingine ni ya mawasiliano, shina ni ardhi. Ukigusanisha ile ya umeme na shina unaweza kuua kamera, na hakuna mtu atakulipa. Pima na mita kwanza.

Mtu atasema, si utumie tu rimoti ya mwanga? Hiyo ya Sony hupepesa mwanga wa kilohezi 40 usioonekana, na ndani ya nyumba iko sawa. Nje kwa jua la saa saba inapotea, na mara nyingi jicho la kuipokea liko mbele ya kamera huku wewe umesimama nyuma. Waya haijali jua.

Na simu? Simu ni poa, kwa nyingi hata kile kifungo cha sauti cha earphone kinaanzisha video. Lakini zumu ya lenzi ya kamkoda bado inaivuta simu masikio.

Kwangu hii si hobi. Tunaofanya sherehe bila msaidizi tunalipwa kulingana na idadi ya kamera, na kamera iliyo juu ya stendi ya futi 8 hauwezi kuipandia kila dakika wazee wakianza kuongea. Rimoti ndiyo mfanyakazi wa pili. Na kabla mtu anikumbushe niliacha chuo: hizi namba ziko wazi kwa yeyote anayejua kusoma, na huko darasani hakuna aliyezitaja.

Jumamosi niko na ruracio Kiambu. Kamera mbili, mtu mmoja, na waya ya mita 4 imefungwa tepu nyeusi.