Kindu: Kununua esansi nyumbani kwa hesabu ya mgeni

Dereva anayetoka Bruxelles akienda Luxembourg anavuka mpaka bila kubadilisha pesa. Analipa kwa euro ile ile, na bei ya lita imeandikwa kwenye ubao mkubwa kandokando ya barabara. Ikiwa esansi ni rahisi zaidi upande wa pili, sababu kubwa inajulikana: kodi ya Luxembourg iko chini. Akifika Uswisi au Poland, ambako hawatumii euro, mashine inaweza kumuuliza kama anataka kulipa kwa pesa ya kwao au kwa pesa ya hapo. Mara nyingi, kuchagua pesa ya hapo kunamlinda na faida ambayo mwenye mashine anajiwekea.

Mjini Kindu, jimboni Maniema, mwenye pikipiki hajavuka mpaka wowote. Lakini akitaka lita mbili za esansi, anafanya hesabu ngumu kuliko ya mgeni huyo wa Ulaya.

Bei rasmi ya mafuta nchini Congo inawekwa na Wizara ya Uchumi ya Taifa, kwa franga, kufuatana na kanda: magharibi, mashariki, kusini na kaskazini. Tatizo ni kwamba esansi yenyewe inanunuliwa ng'ambo kwa dola. Ile ya Kinshasa inapitia upande wa bahari ya Atlantiki. Ya mashariki inategemea zaidi bandari za Mombasa na Dar es Salaam, na kutoka huko hadi mto Lualaba kila hatua ina gharama yake.

Kindu haina barabara nzuri ya kuiunganisha na miji mingine mikubwa. Reli ya SNCC inatoka kusini kupitia Kabalo na Kongolo, lakini imechakaa na safari inachukua muda mrefu. Kuelekea Kisangani, mto unapitika hadi Ubundu tu. Hapo maporomoko yanazuia mashua, na mzigo unahitaji reli nyingine ya kilomita 125. Ndege nazo zilipungukiwa na njia tangu M23 ilipoiteka Goma mwezi wa kwanza 2025, kisha Bukavu mwezi uliofuata. Uwanja wa Goma ukafungwa, na biashara iliyokuwa ikitegemea miji hiyo miwili ikayumba.

Hesabu ya pili ni ya pesa. Katikati ya mwaka 2025, dola moja ilikuwa zaidi ya franga 2.800. Kabla ya mwaka kuisha, ilishuka chini ya 2.500. Kwa anayelipwa kwa franga, hiyo ilikuwa habari njema. Lakini mwenye bidoni alizonunua wakati dola iko juu hataki kuuza kwa hasara, kwa hiyo anangoja. Dola ikipanda, yuleyule hangoji: bei inapanda siku ile ile. Mnunuzi anaumia mara zote mbili.

Tuchukue mfano. Mtu ana dola 20. Mbadilisha pesa anahesabu dola kwa franga 2.300, kadhafi wa barabarani anaihesabu kwa 2.200. Kwa wa kwanza ni franga 46.000, kwa wa pili 44.000. Zile franga 2.000 zimepotea kabla hata lita moja haijapimwa. Na noti ikiwa imechanika kidogo, inakataliwa kabisa au inapunguzwa thamani. Chupa yenyewe nayo, nani anahakikisha kama imejaa lita kamili?

Hasara hiyo haiishii kwa motari. Mji umegawanywa na Lualaba: Alunguli iko ng'ambo moja, Kasuku na Mikelenge ng'ambo nyingine. Mashua za motere zinazovusha wanafunzi, wagonjwa na mama wauzaji zinakunywa mafuta hayo hayo. Jenereta ya hospitali nayo haingoji dola ishuke. Kila franga inayoongezeka kwenye lita inarudi sokoni ndani ya bei ya unga, chumvi na sabuni.

Kinshasa haiwezi kupanga bei ya dunia. Lakini kuna mambo yasiyongoja reli mpya. Wakuu wa jimbo wanaweza kudai kila muuzaji abandike bei ya lita kwa franga pamoja na kiwango cha dola anachokubali. Vipimo vya vituo na vya kadhafi vinaweza kukaguliwa mbele ya watu. Na akiba ya mafuta kwa ajili ya hospitali inaweza kuwekwa kando wakati bei iko chini.

Ukarabati wa reli na barabara utachukua miaka. Ubao wenye bei ya wazi unahitaji rangi na uamuzi tu, na kwa motari wa Kindu ungekuwa mwanzo wa kununua esansi kama mwenyeji.