Shokapu ngumu haiponyi pikipiki inayoyumba

Pikipiki ikiyumba nyuma, ushauri wa kwanza kijiweni huwa mmoja: nunua shokapu ngumu zaidi. Wanaoamini hivyo ni wengi, kuanzia dereva wa bodaboda hadi msafiri wa masafa marefu. Imani hii naipinga waziwazi, kwa sababu inamaliza fedha za watu na kuiacha hatari palepale.

Kazi ya shokapu ni kulifanya tairi lisiachane na barabara. Springi ikizidi ugumu unaohitajika kwa mzigo, gurudumu likikuta mashimo linarukaruka, na tairi lililo hewani halishiki kitu. Shokapu ndefu ndiyo balaa kabisa. Nyuma inapanda, fok za mbele zinasimama wima zaidi, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi. Hapo fedha zimetoka na kuyumba kumeongezeka.

Kabla ya kwenda dukani, simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, mwenzako aishikilie. Shika tairi la nyuma kwa mikono miwili, lisukume kushoto na kulia. Gurudumu likicheza huku mkono wa chuma unaolibeba umetulia, beringi zimekwisha. Mkono wenyewe ukicheza pale unapoungana na fremu, bushi zimelika. Halafu linganisha alama za kukazia cheni pande zote mbili. Zikitofautiana, gurudumu limekaa mshazari. Gonga spoki moja moja kwa spana, inayotoa sauti butu imelegea. Upepo upimwe tairi likiwa baridi.

Tena kuna keria zilizorefushwa kwa kuchomelewa. Mzigo ukipita nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unaanza kutikisika, huku dereva akililaumu la nyuma. Mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, ni hivyohivyo. Hakuna spea ya kuitibu.

Nitajibiwa kwamba wenye Harley-Davidson za safari hufunga vifaa vya kutuliza nyuma na wanaona tofauti. Ni kweli, na sababu ipo. Tangu modeli ya FLT ya 1980, injini ya pikipiki hizo imekalia mipira ili mtetemo usimchoshe dereva, na mkono wa nyuma umeungwa kwenye giaboksi. Injini ikisogea kando kwenye kona, gurudumu la nyuma nalo linafuata. Fimbo ya ziada inayoizuia isisogee ina kazi inayoeleweka. Hata hivyo, anayeifunga juu ya mipira iliyochakaa ameficha ugonjwa tu.

Pikipiki zetu nyingi za bodaboda hazina muundo huo. Mkono wa nyuma umeshikwa na fremu kwa boliti moja ndefu. Ichomoe, toa bushi zilizolika, tia mpya, paka grisi, kaza nati. Kisha endesha pikipiki kwa mzigo uliouzoea, na shokapu zilezile za zamani, ndipo uamue kama bado unahitaji kununua nyingine.